Enterprise haikuning'inizwa kwa uzi

Imeshasemwa sana kwamba vyombo vya anga vya televisheni ya zamani vilikuwa vidude vya kuchezea vilivyoning'inizwa kwa uzi. Jupiter 2, chombo cha tamthilia ya Lost in Space, ilirushwa kwa nyaya kweli, wala haikuharibu kitu. Ila Enterprise, chombo cha tamthilia ya Star Trek kilichobuniwa na Matt Jefferies, ni habari nyingine.

Modeli kubwa, iliyoundwa 1964 kwa mbao, plastiki na bati, ina urefu wa takriban mita 3.4. Ilisimamishwa juu ya nguzo mbele ya pazia la buluu, ambalo baadaye liliondolewa kwenye picha na nafasi yake kuwekwa nyota. Kilichosogea ni kamera. Tatizo lilikuwa buluu hiyo kuakisiwa kwenye bodi ya kijivu ya chombo, kwani sehemu iliyopata rangi hiyo ingeweza kutoweka picha zikiunganishwa. Taa za ndani nazo zilihitaji umeme, na nyaya zake zilipitia ubavu wa kushoto, ambao ndiyo maana haukumaliziwa. Tazama tena vipindi: karibu kila mara utaona ubavu wa kulia.

Tangu 1974 modeli hiyo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani.