Je, wajua kwa nini duka la Pemba lilikukopesha mpaka karafuu zianikwe?

Waulize wazee wa Wete, Chake Chake au Mkoani walikuwa wakipataje nguo za Idi zamani, wengi watakujibu kwamba waliandikiwa. Mtoto alitumwa dukani mikono mitupu, akarudi na mchele, mafuta ya taa na kipande cha sabuni, na mwenye duka akatia mstari kwenye daftari. Mama alichagua doti ya kanga, akaipima mabegani, akaondoka nayo. Hapakuwa na fomu wala mdhamini. Siku ya kulipa haikutajwa kwa tarehe, ilitajwa kwa zao: "Karafuu zikitoka." Na siku hiyo mkarafuu wenyewe ulikuwa bado haujaonyesha hata kikonyo kimoja.

Mwenye duka aliwezaje kungoja miezi yote hiyo? Na kama hakuandika riba, faida yake ilikaa wapi?

Jawabu linalokuja haraka, na ambalo limesemwa sana barazani na hata katika ripoti za wakoloni, ni kwamba Mhindi wa dukani alikuwa tajiri. Alikuwa na sanduku la fedha, akazitoa kidogo kidogo kwa watu wa shamba, akawaacha wazame, kisha akachukua mikarafuu yao. Jawabu hili lina chembe ya ukweli, kwa sababu yako mashamba yaliyokwenda kwa wakopeshaji. Lakini halielezi jinsi duka lilivyofanya kazi, na limewadhulumu watu wa pande mbili. Limemfanya mkopaji aonekane mjinga asiyejua hesabu, na limemfanya kila mwenye duka la bati kijijini aonekane bwana mkubwa wa fedha.

Kwanza tuangalie zao lenyewe, kwa ufupi. Karafuu zilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na zikaenea sana wakati wa Seyyid Said. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka: msimu mmoja unafunika vilima, unaofuata unatoa vikapu vichache. Kwa hiyo nyumba ya mkulima ilipata fedha za maana mara moja kwa mwaka, pengine isizipate kabisa, lakini watu walikula kila siku. Lazima paweko mtu wa kuziba pengo hilo, na benki haikuwa na habari na mwenye mikarafuu thelathini.

Aliyeliziba ni duka. Sasa hapa ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawaliwazii: mwenye duka wa kijijini naye alikuwa anadaiwa.

Fikiria mfereji wa mtaani. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 mpaka 1888, alileta maji mjini Unguja kutoka chemchemi ya karibu na Bububu. Mtu aliyekinga ndoo yake mjini aliyaona maji yakitoka pale mferejini, lakini mfereji haukuwa na maji yake. Ulikuwa mwisho wa njia ndefu inayoanzia mbali na macho yake. Ukikata njia hiyo popote, hata maili nyingi kutoka mtaani, ndoo inabaki tupu. Na ukifungulia maji mengi juu, mtaani yanamwagika mpaka barabarani, ingawa hakuna mtu wa mtaani aliyebadilisha chochote. Anayesimama pale na kumlaumu au kumsifu mwenye nyumba iliyo karibu na mfereji anamkosea, kwa sababu maji si yake.

Duka la Konde au la Mtambile lilikuwa mdomo wa mfereji wa namna hiyo. Mwenye duka alichukua kanga, mchele na sukari kwa mkopo kutoka kwa mfanyabiashara wa Wete au Chake Chake. Huyo wa Wete alichukua kwa mkopo kutoka kwa tajiri wa jumla Unguja mjini. Tajiri wa mjini naye alikuwa na hesabu isiyofungwa na nyumba za biashara za Bombay, akilipana nazo kwa hundi, yaani hati za kuahidi malipo, na nyumba hizo zilikuwa na wadai wao. Bidhaa zilishuka kwa njia hiyo hatua kwa hatua mpaka kwa mama anayechagua kanga, na karafuu zilipanda kwa njia hiyohiyo kurudi bandarini. Kila mmoja katikati alikuwa mkopeshaji kwa aliye chini yake na mkopaji kwa aliye juu yake. Watu wa kijijini walimwona mmoja tu, aliye mbele yao, wakadhani fedha zote ni zake.

Utaratibu huu ulikuwa wa zamani kuliko duka la kijijini. Katika karne ya 19 misafara ya bara iliendeshwa hivyohivyo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, alikwenda bara na mali aliyokopeshwa na Tharia Topan, tajiri yuleyule aliyeanzisha ujenzi wa jumba la mbele ya bandari ambalo leo tunaliita Dispensari ya Zamani. Karafuu ziliikuta njia imeshachimbwa.

Turudi kwenye faida. Daftari halikuandika riba, kwa sababu Waislamu wengi wa visiwani wasingekubali kuisaini, na mwenye duka wa Kihindi aliyekuwa wa madhehebu ya Ismaili au Bohora naye alikuwa Mwislamu. Faida ilikaa ndani ya bei mbili. Tuchukue namba za mfano tu. Doti ya kanga kwa fedha taslimu ni shilingi 4. Kwa kuandikiwa ni shilingi 5. Hiyo ni bei ya kwanza. Msimu ukifika, mkulima analeta karafuu kavu dukani, na mwenye duka anazipima kwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16. Kama frasila mjini inauzwa shilingi 20, yeye anaihesabu kwa 17 au 16, kwa kuwa ameshalipa kwa bidhaa miezi kadhaa nyuma. Hiyo ni bei ya pili. Mkulima amelipia muda mara mbili, alipochukua na alipoleta, na katika daftari hakuna mstari hata mmoja ulioandikwa gharama ya muda.

Je, hilo lilikuwa hila ya kuikwepa sheria ya dini? Hapa inafaa kwenda taratibu. Wanazuoni wengi, wa Kishafii wakiwamo, wanakubali kuuza kwa bei ya juu zaidi kwa malipo ya baadaye, maadamu bei imekatwa wakati wa mkataba na haiongezeki mtu akichelewa. Wanakubali pia kununua mazao kabla hayajavunwa kwa masharti ya kiasi, aina na wakati unaojulikana. Kwa hiyo si haki kuliita kila daftari la duka riba iliyovaa kanzu. Lakini "karafuu zikitoka" si wakati unaojulikana, na mkulima aliyekuwa hana duka jingine la kwenda hakukata bei kwa hiari kamili. Kila deni lilistahili kuangaliwa peke yake.

Kwa fedha kubwa, za harusi, safari ya Hija au kununua shamba jingine, kulikuwa na njia nyingine: bei khiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa kiasi cha fedha alichohitaji, wakakubaliana muda ambao ndani yake ana haki ya kulinunua tena kwa kiasi hichohicho. Wakati huo anaendelea kukaa na kuchuma, na analipa kodi kwa mwenye shamba mpya. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya fedha. Akirudisha, shamba lake. Asiporudisha, mauzo yanasimama. Ni mkataba wenye akili nyingi ndani yake, na ndio uliofanya mashamba yapotee pale ilipotokea miaka mibaya miwili mfululizo.

Lakini mwenye duka wa kijijini kwa kawaida hakutaka shamba. Angelifanyia nini? Alihitaji karafuu, na alizihitaji kwa wakati, ili azipeleke juu na deni lake mwenyewe lipungue. Mabanyani, yaani wafanyabiashara wa Kihindu, walifunga vitabu vyao vya hesabu wakati wa Diwali, Oktoba au Novemba, miezi ambayo mara nyingi wachumaji walikuwa juu ya miti. Shamba lisilochumwa halifungi hesabu ya mtu. Ndiyo maana mkulima aliyekosa msimu mara nyingi hakufukuzwa dukani, alizidi kuandikiwa. Ukimfungia mlango, msimu ujao atapeleka karafuu zake kwa mwingine, na deni lako limekufa. Mkulima alilijua hilo vizuri. Hakuwa mnyonge kama anavyosimuliwa. Mzigo wa karafuu unaweza kubebwa usiku kwenda duka la kijiji cha pili.

Na usalama wa mkopo ulikuwa wapi? Kwenye mizani. Duka lililouza ndilo lililonunua, hivyo mali ya kulipia ilipita mlangoni kwa mwenye duka kabla haijageuka fedha. Zaidi ya hapo alikuwa na elimu isiyoandikwa. Alijua nani ana mikarafuu mingapi, mti gani umezeeka, nani ana watoto wa kuchuma na nani atalazimika kulipa vibarua, nani anacheza karata. Kwa elimu hiyo aliamua nani aandikiwe mchele tu na nani aandikiwe mpaka bati za kuezekea.

Inashangaza ukilinganisha na maduka makubwa ya ng'ambo ya wakati huo. Macy's ya New York, iliyofunguliwa 1858, ilishikilia kuuza kwa fedha taslimu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1930, na ilijivunia jambo hilo kama sababu ya bei zake kuwa nafuu. Iliweza kwa sababu wateja wake walilipwa mshahara kila wiki. Duka la Pemba lenye msimamo huo lingefungwa kabla ya mvua za masika.

Njia ilipokatwa juu, kila mtu alijua. Bei ya karafuu iliporomoka katika mdororo wa miaka ya 1930, wa Bombay wakambana wa mjini, wa mjini wakambana wa Wete, na mkulima akakuta daftari limefungwa bila kuelewa amekosa nini. Serikali ya Kiingereza ilimleta Sir Alan Pim kuchunguza hali ya fedha, ripoti yake ikatoka 1932. Mwaka 1934 zikapitishwa amri za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasihamie kwa Wahindi, na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichoanzishwa 1927, kikapewa nguvu mpya. Serikali ya India nayo ikamtuma ofisa wake K.P.S. Menon kuangalia athari za amri hizo kwa Wahindi. Mwaka 1937 chama kikapewa mamlaka ya peke yake ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, chama cha siasa cha Congress cha India kikawaunga mkono, na India, mmoja wa wanunuzi wakubwa, ikaacha kununua karafuu za Zanzibar mpaka mapatano ya 1938.

Ugomvi huo husimuliwa kuwa wa serikali na Wahindi, lakini uliowafikia watu wa shamba ulikuwa ukosefu wa nguo na mchele. Amri iliyokusudiwa kumlinda mwenye shamba ilimwondolea mkopeshaji sababu ya kumkopesha, na chama hakikuweza kuwa duka la kila kijiji. Nasema hivi nikijua kwamba ulinzi ulihitajika. Kasoro ilikuwa kuliondoa deni bila kuweka kitu cha kuziba pengo la miezi kati ya msimu na msimu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 njia yenyewe ilibadilishwa. Biashara ya nje na ya jumla ikaingia mikononi mwa serikali, wenye maduka wengi wa asili ya India wakaondoka, na kuanzia 1968 Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, likawa mnunuzi wa karafuu. Wanaokumbuka mwanzo wa miaka ya 1970 wanakumbuka foleni; fedha ungeweza kuwa nayo mkononi na mchele usiwepo. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, Darajani na Mlandege, mitaa ya biashara ya Unguja mjini, pakajaa bidhaa, na madaftari yakarudi.

Yamerudi, lakini si yaleyale. Mwenye duka wa leo wa Pemba bado anaweza kuchukua mzigo wa jumla kwa mali kauli, akalipa akishauza, kwa hiyo sehemu ya juu ya mfereji ipo. Kilichobadilika ni mizani. Karafuu zinapimwa kwenye kituo cha ZSTC na mkulima analipwa fedha zake hapohapo. Kutoka kituoni mpaka dukani ana mwendo wa kutembea, na njiani anakutana na ada za skuli, simu ya mtoto aliyeko Unguja na fundi anayedai. Mali ya kulipia haipiti tena mlangoni kwa aliyekopesha. Kwa hiyo anayeandikiwa kwa urahisi siku hizi ni mwalimu au muuguzi, ambaye tarehe ya mshahara wake inajulikana, na mwenye mikarafuu huandikiwa sukari na unga wa wiki mbili tatu.