Mtoto kanywa mafuta ya taa: usimtapishe, usimpe maziwa

Sumu ni nini?
Ni kitu chochote kinachodhuru mwili kikiingia kwa kiasi cha kutosha, iwe kwa kinywa, pua, ngozi au macho. Hata parasetamo ni sumu ikizidi. Ila watoto wadogo tunaowapokea hospitalini hawajanywa vitu vya ajabu. Wamekunywa mafuta ya taa, jiki, dawa ya wadudu, au wamemeza vidonge vya presha vya bibi vilivyoachwa mezani.

Kanywa mafuta ya taa. Nimtapishe?
Hapana. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi, usimnyweshe mafuta ya kula ili "yatoke". Mafuta ya taa ni mepesi mno. Yakipanda kutoka tumboni hupotea njia na kuingia kwenye mapafu, na huko hata kiasi kidogo huunguza. Yakiwa tumboni kwa kawaida hayaleti balaa kubwa. Ukimtapisha, wewe ndiye unayeyapeleka mapafuni.

Na maziwa je? Si yanakata sumu?
Hayakati. Yanajaza tumbo, tumbo likijaa mtoto anatapika, na tumerudi palepale. Najua bibi kasema, najua jirani kasema. Lakini tumechoka kupokea watoto wenye maziwa kifuani na pumzi za mbio, huku mzazi akieleza kwamba huduma ya kwanza ameshatoa. Maziwa hapana. Mkaa wa jikoni uliosagwa nao hapana.

Nifanye nini basi?
Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni. Kama yameingia machoni, mmiminie maji safi kwa dakika 15 hadi 20. Kama amelegea na hajitambui, mlaze ubavu. Beba chupa aliyonywea, kisha njoo hospitali. Hayo yanatosha.

Lakini anacheza vizuri. Nisubiri asubuhi?
Usisubiri. Dalili za mapafu mara nyingi hujitokeza ndani ya saa 6, na ndiyo maana tunamweka chini ya uangalizi hata akiwa anacheka. Akikohoa mfululizo, akihema haraka, mbavu zikibonyea, akisinzia ovyo au midomo ikibadilika rangi, hapo hata kuoga kwanza usioge.

Parasetamo iliyozidi ni janja zaidi. Siku ya kwanza mtu anaweza kuwa na kichefuchefu tu, au asiwe na lolote, na ini likaanza kuonyesha madhara siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuliokoa ini hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu vidonge vimezwe. Ukisubiri asubuhi, saa hizo zimeisha.

Hamtamwosha tumbo?
Kwa mafuta ya taa, kwa kawaida hatumwoshi. Wazazi wengine hukasirika wakidhani tunazembea, kumbe kuosha tumbo kunaweza kuyapandisha mafuta kuelekea mapafuni kama kutapika kulivyo.

Akinywa kostiki soda ya kutengenezea sabuni?
Usimtapishe vilevile. Iliunguza koo ikishuka. Ikipanda italiunguza mara ya pili.

Dawa ya shambani?
Mate yakimjaa, jasho likimtoka na mboni za macho zikiwa ndogo kama nukta, hiyo ni dharura ya dakika. Mvue nguo, ila usizishike kwa mikono mitupu.

Kwa nini haya hayaishi?
Chupa ya soda! Dukani mtu anapimiwa mafuta kwenye chupa ya soda, nyumbani anaiweka chini ya meza. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma. Anachojua ni kwamba chupa ile huwa na kitu kitamu. Tafuta dumu lenye mfuniko mgumu, liweke juu na ulifungie. Na tafadhali, vidonge msiwaambie watoto kuwa ni pipi.

Nimeshampa maziwa tayari.
Usiongeze mengine. Njoo sasa hivi, utuambie alikunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kwamba maziwa umempa. Usitufiche. Tukikugombeza, itakuwa baadaye, mtoto akishapona.