Usifute Jina la Mwenye Kitabu

Wauzaji wengi wa vitabu vya mitumba hapa Nakuru, kabla hawajakiweka kitabu mezani, hushika kifutio wakaondoa jina la mwenyewe wa zamani. Wanaamini mnunuzi anataka kitabu kisafi. Naomba tabia hiyo tuiache. Kazi yangu ni kufuatilia kitabu kilipita mikononi mwa nani, na mara nyingi jina hilo ndilo kitu pekee ambacho nakala nyingine zote za kitabu hicho hazina.

Penseli ikifutwa haipotei yote, kwa sababu ncha yake huacha alama iliyobonyea. Zima taa, laza kitabu mezani, kisha mulika tochi kutoka ubavuni, karibu kabisa na karatasi. Herufi zitajitokeza kwa vivuli vyake. Wino wa zamani wenye madini ya chuma nautazama kwa taa ya kukagulia noti bandia, ile ile iliyoko madukani. Wino huo hufyonza mwanga wa urujuanimno (UV) unaotolewa na taa hiyo, kwa hiyo maandishi huonekana meusi hata pale ambapo macho matupu yanaona doa la kahawia tu.

Jina likisomeka, natafuta mahali na wakati. Aliyeandika "Port Florence" anazungumzia Kisumu ya enzi za kuingia kwa reli. "Broderick Falls" ni Webuye ya leo, na "Thomson's Falls" ni Nyahururu. Mihuri nayo ina umri wake: Egerton ya Njoro ilianza 1939 ikiwa shule ya kilimo, baadaye ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu. Tazama kalamu pia. Jina lililoandikwa kwa biro haliwezi kuwa la miaka ya 1920, hata kama kitabu kilichapishwa 1910.

Mwenye kitabu akiwa setla au ofisa wa serikali ya kikoloni, kazi ni nyepesi. Gazeti rasmi la serikali, ambalo limekuwa likitoka tangu 1899, lilitangaza uteuzi wa maofisa na mirathi ya waliofariki, na leo matoleo mengi yanasomeka kwenye intaneti.

Ninayemhangaikia zaidi ni Mwafrika aliyenunua kitabu cha sala au cha hesabu kwa fedha yake mwenyewe. Huyo gazetini humpati kwa urahisi. Njia ya kumfikia ni shule na kanisa: Kaimosi ya Waquaker iliyoanza 1902, Maseno ya Waanglikana iliyoanza 1906, na parokia za Kikatoliki, ambazo ndizo hunisaidia kuliko zote. Katika rejista ya ubatizo, kando ya jina la mtu, huandikwa baadaye kipaimara chake na ndoa yake. Mstari mmoja unaweza kukupa mwenzi wake na parokia nyingine ya kwenda kuuliza.

Niliwahi kuletewa kitabu cha sala cha Kijaluo kutoka upande wa Kisumu. Mchwa walikuwa wamekula jalada, na ukurasa wa kwanza ulikuwa umenyofolewa. Lakini nyuma, kwenye karatasi tupu, palikuwa na orodha ya watoto na tarehe za ubatizo, kila mmoja kwa wino wake, wa mwisho kwa biro ya buluu. Chini yake baba alijiandika kwa jina lake, "wuod", yaani mwana wa, kisha jina la baba yake. Karani wa parokia alimpata binti mmoja kwenye rejista, na pembeni palionyesha alikoolewa. Kutoka hapo ilikuwa kuuliza wazee. Kitabu kiko kwa wajukuu sasa. Majina yao siyaweki hapa, maana baadhi ya watoto hao wangali hai.

Jina peke yake, hata hivyo, si ushahidi wa umiliki. Huenda ni la aliyetoa zawadi, au la aliyeazima asirudishe. Na kitabu chenye muhuri wa maktaba lakini kisicho na muhuri wa kuondolewa, usikinunue kabla hujaiuliza maktaba yenyewe.

Ukikipeleka kitabu kwa fundi wa kujalidi, mwambie mapema kwamba karatasi za mwanzo na za mwisho hazitupwi hata zikiwa zimechanika. Azitie kwenye bahasha, akurudishie pamoja na jalada la zamani.