Maendeleo ya watu, si ya vitu: maana yake nini?

Mradi wa maji umefika kijijini. Mhandisi kapima, mkandarasi kachimba, mgeni rasmi kakata utepe, bomba linatoa maji. Hayo ni maendeleo? Mwalimu Nyerere asingekuitikia haraka. Katika andiko lake la 1968, Uhuru na Maendeleo, alishikilia kwamba barabara, majengo na mazao ni nyenzo tu. Mtu haendelezwi na mwenzake. Hujiendeleza, kwa kuelewa anachofanya na kushiriki kukiamua.

Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulikwenda mbali zaidi. Kwa mujibu wa ibara ya 28, jambo linalowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao ni maendeleo, hata lisipowaongezea afya wala shibe. Linalowapunguzia uwezo huo si maendeleo, hata likiwaletea vyote viwili. Nusu hii ya pili ndiyo yenye makali, kwa sababu inamnyima mtawala kile kisingizio cha "tunawafanyia haya kwa faida yao".

Na makali hayo yaliwageukia wenye chama. Huko Litowa, Songea, vijana wa TANU walianzisha kijiji cha kijamaa kwa hiari yao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijiji vingine vikafuata, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Kazi za shamba, mapato, hata shule, waliamua wenyewe mkutanoni. Wakubwa wa mkoa hawakupendezwa na watu wasiosubiri maelekezo. Mwaka 1969 TANU ikakivunja chama hicho. Novemba 1973 Nyerere mwenyewe akatangaza kuwa kuhamia vijijini ni amri. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa malori, wengine nyumba zao zikichomwa ili wasirudi. Shule na zahanati ziliongezeka, ni kweli. Lakini ukipima kwa ibara ya 28, zoezi lile halipiti.

Wapo wanaosema fikra za Kiafrika hutanguliza jamii, hivyo mtu mmoja mmoja akubali tu. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, aliikataa hoja hiyo: jamii humlea mtu, lakini haimmezi; akili yake na haki zake hubaki zake. Mimi naona ndipo ustawi unapoanzia, kwani aliyeshiba bila kuulizwa anaweza kunyang'anywa shibe hiyo bila kuulizwa vilevile.

Leo dhana hii inapimika Tanzania kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Kwa hiyo mradi ukija, omba muhtasari wa mkutano huo. Angalia tarehe: wanakijiji walikaa kabla mwekezaji hajaonyeshwa eneo, au waliitwa baadaye kusaini karatasi ya mahudhurio?