Kamera ya nyumbani Mwanza: yanayosemwa dukani na yaliyo kweli

Ukipita Buswelu, Nyasaka au Mkolani siku hizi, utaona kamera chini ya upenu wa nyumba nyingi. Bei imeshuka, simu imegeuka skrini, na fundi humaliza kazi mchana mmoja. Lakini kamera hununuliwa pamoja na maneno, na mengi ya maneno hayo si kweli. Mengine yatakupotezea fedha tu. Mengine yatampa mtu usiyemjua nafasi ya kuitazama sebule yako, na hayo ndiyo naanza nayo.

"Fundi ameshaunganisha, kila kitu kiko sawa"

Kuunganishwa si kumilikishwa. Kamera nyingi za Wi-Fi huwashwa kwa kuskani msimbo ulio kwenye mwili wake, kisha husajiliwa kwenye akaunti moja. Mwenye akaunti hiyo ndiye mwenye kamera, hata kama risiti ina jina lako. Fundi akitumia simu na barua pepe yake halafu "akakushirikisha", wewe uliyelipa umebaki mgeni. Yeye akiwa Magu au Sengerema anaweza kufungua programu akaona nani kaingia kwako na saa ngapi. Huenda hana nia mbaya hata kidogo. Lakini simu huuzwa, huibwa, na urafiki nao huisha.

Fungua akaunti mwenyewe kabla fundi hajapanda ngazi. Yeye avute nyaya na kukaza skrubu, wewe uskani. Kama kazi ilishafanyika kwa akaunti yake, mwombe aiondoe kamera huko mbele ya macho yako, kwa sababu kamera nyingi hukataa kusajiliwa upya mpaka akaunti ya kwanza iiachie, hata ukibonyeza kile kitufe cha kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Kisha pitia orodha ya walioshirikishwa, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako. Hili ningependa kila mwenye kamera alifanye leo hii.

"Nani atahangaika na kamera ya mtu wa kawaida wa Igoma?"

Hakuna anayekuchagua wewe. Zipo programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikigonga anwani moja baada ya nyingine, zikijaribu nywila za kiwandani. Mwaka 2016 programu iitwayo Mirai, yenye orodha ya majina na nywila zaidi ya 60 tu, iliteka kamera, rekoda (visanduku vinavyohifadhi picha za kamera) na rauta kwa mamia ya maelfu. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikizielekeza simu na kompyuta kwenye tovuti zinazotafutwa, na huduma kubwa kama Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa watu wengi kwa saa kadhaa. Wenye kamera hawakujua lolote; picha ziliendelea kuonekana kama kawaida.

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya aina hii vikiwa na nywila moja inayofanana kwa wote. Sisi kazi hiyo tuifanye wenyewe: badilisha nywila ya kamera, ya rekoda, na ya rauta pia, kwa sababu rauta husahaulika. Ukiletewa taarifa ya toleo jipya la programu ya kamera, likubali. Na fundi akitaka kufungua njia kwenye rauta ili kamera "ionekane ukiwa nje", mkatalie. Kamera nyingi za sasa hufikiwa kupitia seva, yaani kompyuta, za kampuni iliyoitengeneza. Hazihitaji njia hiyo, na njia hiyo ndiyo wageni wanaoitafuta.

"Kamera inamaliza bando"

Inategemea inarekodi wapi. Kurekodi kwenye memori kadi hakuli hata MB moja, na intaneti ikikatika kazi inaendelea. Bando huliwa unapotazama ukiwa mbali, au kama umelipia kuhifadhi picha kwenye seva za kampuni. Kamera inayotoa megabiti 2 kwa sekunde hutumia karibu MB 900 kwa saa, yaani zaidi ya GB 21 kwa siku nzima. Kwa hesabu hiyohiyo, kadi ya GB 128 hujaa kwa siku tano au sita, kisha picha za zamani hufutwa zipishe mpya. Nunua kadi iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera. Ya kawaida ya simu huchoka mapema kwa kuandikwa na kufutwa bila kupumzika, na mara nyingi utagundua imekufa siku unayoihitaji.

"Megapikseli zikiwa nyingi, sura ya mwizi itaonekana"

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu ni kwamba, ili kumtambua mtu usiyemfahamu, picha iwe na pikseli (nukta zinazounda picha) 250 kwa kila mita ya upana wa eneo alilosimama. Kamera ya 1080p ina pikseli 1,920 kwa upana, kwa hiyo upana wa eneo hilo usizidi mita 7.7. Lenzi ya milimita 2.8, ile inayopendwa kwa sababu "inaona uwanja wote", hufikia upana huo mtu akiwa umbali wa mita 3 hivi. Akisimama getini, mita 12 kutoka ukutani, utaona mtu mwenye kofia. Kuapa kwamba ni fulani hutaweza. Ukipanda kutoka 1080p, ambayo ni megapikseli 2, hadi megapikseli 4, unaongeza mita moja tu ya umbali.

Dawa ni kuweka kamera karibu na mahali ambapo lazima mtu apite: geti, mlango wa jikoni, ngazi. Iwe kwenye urefu wa mita 2.5 au 3, si juu kabisa kwenye kona ya ghorofa ambako utapiga picha za utosi. Na kwa nyumba zinazotazama ziwa upande wa magharibi, jaribu picha saa kumi na mbili kasoro jioni kabla fundi hajaondoka. Jua likishuka usoni mwa kamera, kila anayeingia anakuwa kivuli cheusi.

Jiografia ya Mwanza ina neno lake pia kwenye Wi-Fi. Mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo kamera nyingi hutegemea, hupita ukuta wa tofali yakapungua nguvu, lakini jabali likikaa kati ya nyumba na geti, usitarajie muujiza. Vuta waya, waya wa mtandao hufika mita 100 na unaweza kubeba umeme wa kamera humohumo.

"Inaona usiku, na itaniarifu"

Inaona kwa taa za infraredi, mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo hugonga chochote kilicho karibu na lenzi kabla ya kumfikia mtu. Kandokando ya ziwa tuna wale wadudu wanaopaa juu ya maji kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, kisha wakavamia kila taa ya nje. Wadudu huleta buibui na mjusi kafiri, na utando mmoja mbele ya lenzi hung'aa ukafunika picha yote. Simu inapiga kengele mara arobaini, unazima arifa, basi. Mwano, yowe la hatari la Usukumani, una nguvu kwa sababu haupigwi bure. Kwa hiyo washa utambuzi wa binadamu badala ya kila kinachotikisika, sogeza taa ya nje mbali na kamera, na upanguse lenzi kila wiki. Umeme ukikatika, vyote vinalala pamoja. Betri ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 7 huweza kuiwasha kamera moja na rauta kwa saa tano hivi.

"Ni nyumba yangu, naielekeza ninapotaka"

Mji wetu umejengwa milimani. Kamera ya Isamilo au Mabatini ikiinama kidogo tu inaona uani kwa jirani wa chini, mahali mtu anapofua na kuoga. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na makazi yake, na jirani naye ni mtu. Kamera nyingi zina uwezo wa kufunika sehemu ya picha kwa kiraka cheusi, utumie. Ndani ya nyumba, chumba cha dada wa kazi si mahali pa kamera, na aambiwe zilipo zilizobaki.

"Video ninayo, kesi imekwisha"

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki mahakamani, lakini uzito wake hupimwa kwa namna ulivyorekodiwa, ulivyotunzwa na kama haukuchezewa. Kamera iliyobaki na saa za China iko mbele yetu kwa saa tano, na tukio la saa nane usiku litaandikwa saa moja asubuhi. Weka majira ya Afrika Mashariki siku ileile inapofungwa. Likitokea jambo, toa faili lenyewe kutoka kwenye kadi au rekoda, si kipande ulichorekodi kwa simu ukielekeza kwenye skrini, na ufanye hivyo siku hiyohiyo, kwa sababu zile siku tano za kadi zinahesabika hata wewe ukiwa polisi unaandika maelezo.