Je, wajua? Jua la mji wa Moshi linavyotengeneza kadi za Krismasi

Ukishika kadi iliyochapwa nyumbani kwa skrini, utaona Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kimesimama, na chini yake "Heri ya Krismasi" kwa wino uliokolea. Wino umejuaje pa kupita na pa kukwama?

Jua ndilo lililoamua. Skrini ni kitambaa chenye matundu madogo mno, kimevutwa kwenye fremu ya mbao. Kitambaa hupakwa dawa maalumu, kisha hukaushwa gizani. Dawa hiyo bado huyeyuka kwa maji, lakini ikipigwa na miale ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, hugandamana na haiyeyuki tena. Basi unalaza mchoro mweusi, uliochorwa kwenye plastiki inayopitisha mwanga, juu ya skrini, unaukandamiza kwa kioo na kuitoa skrini nje juani. Palipo wazi dawa hugandamana. Chini ya mistari myeusi hubaki laini. Mwagia maji ya kawaida, na mistari ile itafunguka mbele ya macho yako. Hapo ndipo wino utakapopita.

Moshi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana mwezi Desemba halina mchezo: dakika chache zinatosha, na dawa nyingine hata dakika haifiki. Usikisie. Funika skrini ya majaribio kwa kadibodi, uwe unaisogeza kidogo kidogo, kisha osha uone sehemu ipi imeshika vizuri. Huna plastiki ya kuchorea? Paka fotokopi mafuta ya kupikia na uifute vizuri. Karatasi itapitisha mwanga, weusi utaendelea kuuzuia.

Maandishi usiyageuze, maana wino hupenya moja kwa moja na herufi hutoka kama ulivyoziandika. Theluji nayo haichapwi: chora miamba tu, weupe wa karatasi ya manila utamaliza kazi. Kwangu mimi, Kibo cha bluu peke yake kinapendeza kuliko kadi ya rangi nne.

Wajapani walipita njia nyingine. Mwaka 1977 kampuni ya Riso ilitoa Print Gocco, mashine ndogo ya mezani iliyopendwa sana kwa kadi za mwaka mpya. Yenyewe ilitumia balbu za kumulika kwa ghafla: kaboni ya kwenye mchoro ilinyonya joto na kuyeyusha utando wa plastiki wa skrini. Huko weusi ulitoboa. Kwenye jua, weusi hulinda.

Wakati wa kuchapa, inua skrini kwa sarafu moja kila kona, ili kitambaa kiachane na karatasi mara tu raba ya kusukumia wino inapopita. Wino wa maji hukauka upesi kwenye joto la Moshi, hivyo panga karatasi zote kabla hujaanza, na ukimaliza osha skrini papo hapo. Ikitunzwa, itatoa mamia ya kadi.