Mguu Mmoja Uliofura Usikandwe

Siku ya tisa tangu ajifungue kwa upasuaji, mzazi mmoja kijana aliletwa kwetu akichechemea. Mamake alimfuata na mtoto begani, na mkobani kichupa cha mafuta ya nazi. "Daktari, ni mguu tu umefura," akasema. "Tumemkanda siku tatu na haushuki." Nikamlaza yule mzazi, nikatoa tepu ya kupimia, ile ile anayotumia fundi cherehani, nikapima shavu la kila mguu sentimita 10 chini ya nundu ya mfupa iliyo chini ya goti. Wa kulia ulikuwa sentimita 34. Wa kushoto, 38 na nusu. "Mama," nikamwambia, "hayo mafuta yaweke kando kwanza."

Mimi ni daktari wa upasuaji hapa Lamu, na mengi ninayoyaogopa baada ya operesheni hayatokei thieta wala wadini. Hutokea nyumbani, wiki ya kwanza hadi ya sita, mgonjwa akiwa mikononi mwa watu wanaompenda. Wao ndio wanaouona mguu kabla yangu.

Miguu yote miwili kufura kidogo siku za kwanza baada ya kuzaa ni jambo la kawaida. Ni maji ya mwili na dripu, na hushuka yenyewe. (Isipokuwa ikija pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu. Hapo ni presha, njoo siku hiyo hiyo.) Kinachonishtua, kwa hofu ya donge la damu ndani ya mshipa, ni mguu mmoja: umefura peke yake, una joto, unauma kwenye shavu au pajani, na ngozi imevutika hadi inang'aa. Kwa waja wazito na wazazi, mara nyingi huwa ni wa kushoto, kwa sababu vena kubwa (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya upande huo hupita chini ya ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) inayoikandamiza. Tofauti ya vipimo ikizidi sentimita 3, mimi sisubiri kesho.

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa kukamuliwa na misuli. Kila hatua unayopiga, shavu la mguu hubana vena za ndani, na vijilango vilivyomo huzuia damu isirudi chini. Mtu akilala mezani saa mbili kwa nusukaputi, kisha akakaa kitandani siku kadhaa, kule kukamuliwa kunakoma na damu inatuama. Mwili uliokatwa nao huongeza vitu vya kugandisha damu ili kidonda kifunge. Na mja mzito, maumbile yamemtayarisha mapema: damu yake huganda upesi kuliko ya mtu mwingine, asije akamwaga nyingi siku ya kujifungua. Donge likajijenga kimyakimya ndani ya vena.

Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, ndiye aliyeonyesha kwamba donge linalokutwa mapafuni halikuzaliwa huko. Limemeguka kwenye vena ya mbali, likachukuliwa na damu, likapita moyoni na kukwama kwenye mishipa ya mapafu. Likiwa dogo mtu huchomwa kifuani anapovuta pumzi. Likiwa kubwa huanguka anapotoka chooni, na watu husema alikuwa mzima asubuhi.

Sasa fikiria mkandaji hodari, mwenye mikono mizito, akisugua shavu hilo kwenda juu. Wakandaji wetu nawaheshimu; mgongo wa mzazi wanaujua kuliko mimi. Lakini mguu huu mmoja wauache. Kuukanda kunaweza kulimegua donge na kulisukuma linakotaka kwenda.

Halafu kuna arobaini. Wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya damu kuganda, na wiki 6 ni siku 42. Kwa hiyo desturi yetu na hatari yenyewe zinatembea pamoja karibu siku kwa siku. Sina ugomvi na arobaini. Inamwondolea mzazi kazi nzito, inamletea supu na uji wa pilipili manga, inawazuia wageni. Kama ingekuwa dawa ningeiandika. Ninachogombana nacho ni kitanda. Mzazi hulazwa, akaletewa kila kitu hapo hapo, hata beseni, na akisimama huambiwa alale. Nyumba ya Lamu ina kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati. Akizunguke mara tano asubuhi, mara tano adhuhuri, mara tano jioni, na hakuna mtu wa nje atakayemwona. Baada ya upasuaji wa kawaida tunataka mgonjwa ashuke kitandani ndani ya saa 24, na tukiweza, jioni ya siku ile ile. Akiwa amelala, achezeshe vifundo vya miguu juu na chini kila akikumbuka. Anywe maji.

Na mkaja. Kufunga tumbo kunampa mzazi faraja, hasa anapokohoa, na sikatazi kitambaa cha kushika kidonda. Lakini mkaja uliokazwa hadi mbavu zimebanwa unazuia pumzi isifike chini ya mapafu. Nami huwaambia ndugu: ingiza vidole viwili kati ya kitambaa na ngozi; visipopita, legeza.

Hapo ndipo kifua kinapoingia. Si kila anayehema baada ya upasuaji ana donge. Kidonda cha tumbo huuma mtu akivuta pumzi ndefu, kwa hiyo huvuta fupi fupi, na vifuko vya hewa vya chini ya mapafu husinyaa kama puto lililokaa usiku kucha. Makohozi hutuama humo, na baada ya siku mbili tatu nimonia inaweza kuanza. Dawa yake ya kwanza ni rahisi: kaa wima, kumbatia mto juu ya kidonda, vuta pumzi kubwa mara kumi kila saa ukiwa macho, kisha kohoa. Watoto tunawapa chupa ya maji nusu na mrija, wapulize mapovu. Watu wazima pia hupuliza wakidhani hakuna anayewaona. Anayenyamaza kwa uchungu bila kuomba dawa ya maumivu anakiumiza kifua chake mwenyewe.

Mvuta sigara mapafu yake yanaingia thieta yakiwa tayari yamejaa makohozi. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2020 kwamba kuacha takriban wiki 4 kabla ya upasuaji kunapunguza matatizo, na kila wiki ya ziada inasaidia zaidi. Mwenye pumu aje na dawa yake ya kuvuta, asiiache nyumbani kwa kudhani hospitali itampa yake. Mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili atapimwa makohozi kwanza. Operesheni isiyo ya dharura inaweza kungoja majibu ya kifua kikuu. Mtafunaji miraa au muguka amwambie daktari wa nusukaputi ukweli wote, kwani vitu hivi hupandisha presha na mapigo ya moyo, na thieta si mahali pa kuonea haya.

Pwani yetu ina selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu, na hili nalisisitiza kuliko wenzangu wa bara wanavyoona ni lazima. Mgonjwa wa selimundu akikosa maji, akipigwa na baridi au akipungukiwa oksijeni, chembe zake za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo ya mapafu. Siku ya kwanza hadi ya tatu baada ya upasuaji hupata homa, maumivu ya kifua na kuhema, na eksirei huonyesha doa jipya. Linafanana na nimonia, lakini huenda mbio kuliko nimonia na huweza kuhitaji kuongezewa damu. Kama kuna selimundu katika ukoo, tuambie kabla ya tarehe kupangwa.

Tunatambuaje kipi ni kipi? Kwanza kwa saa ya mkononi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akifika 25 ana jambo. Kisha oksimita, kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni ya damu, ambacho kwa mtu mwenye mapafu mazuri husoma asilimia 95 kwenda juu. Hapa Lamu kina kisa chake: kidole kilichopakwa piko nyeusi huweza kuzuia mwanga, kikasoma vibaya au kisisome kabisa. Bi harusi wa mwezi uliopita aliyeletwa kwa kidole tumbo alitutisha hivyo. Tulihamishia kibanio kwenye ndewe ya sikio, namba ikakaa sawa.

Kwa mguu, kipimo kinachoamua ni ultrasaundi. Ukiweka kichwa cha mashine kwenye kinena utaona duara mbili nyeusi zimekaa ubavuni mwa mwenzake. Moja inadunda, hiyo ni ateri. Unabonyeza taratibu: ateri inabaki mviringo, vena inalala bapa kama karatasi iliyolowa. Vena isiyolala ina donge. Haichukui dakika kumi. Kipimo cha damu kiitwacho D-dimer, ambacho wengine hukiomba kwa jina, hakitusaidii sana hapa, kwa sababu upasuaji na kuzaa vyenyewe hukipandisha. Na eksirei ya kifua huweza kutoka safi kabisa kwa mtu mwenye donge mapafuni; picha safi na mgonjwa anayehema ni sababu ya kuhangaika zaidi. Kipimo cha hakika ni picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa. Lakini dalili zikiwa nzito na hakuna hatari kubwa ya kuvuja damu, tunaanza tiba kabla ya picha.

Nilijifunza hilo kwa gharama. Nikiwa daktari mchanga, katika hospitali nisiyoitaja, niliuona mguu mwekundu wa mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga nikasema ni maambukizi ya ngozi. Nikampa viuavijasumu siku nne. Sikuupima ule mwingine, kumbe ni donge. Alipona, lakini si kwa akili yangu.

Tiba ni dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda, na mwili wenyewe hulimaliza donge polepole. Huanza kwa sindano ya heparini au enoksaparini. Sasa niseme jambo ambalo wagonjwa huja kulijua nyumbani na kukasirika: heparini nyingi hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Ni haki ya mgonjwa kulijua. Wengi nilioongea nao, pamoja na masheikh wao, wameridhika na kanuni ya dharura. Wengine hutaka njia nyingine, na ipo, kama fondaparinuksi inayotengenezwa maabara, ingawa haipatikani kila mahali. Uliza wiki ya kliniki, usiulize saa ya thieta.

Baada ya hapo huja vidonge. Wafarini inafaa kwa anayenyonyesha, ila haifai kwa mja mzito, na lazima damu ipimwe mara kwa mara ili kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, kikae kati ya 2 na 3. Mchicha na kisamvu havikatazwi. Kula kiasi kile kile kila wiki, usile sufuria nzima Jumapili kisha usiguse mwezi mzima. Donge lililoletwa na upasuaji hutibiwa kwa kawaida miezi 3. Mguu ukishuka wiki ya pili watu huacha dawa. Msiache.

Soksi za kubana, zinazovaliwa ili damu isituame miguuni, zina sharti lake. Kabla ya kumvalisha mgonjwa, hasa mwenye kisukari au mvuta sigara, naupapasa mshipa wa juu ya unyayo. Nisipoupata napima presha ya kifundo cha mguu na kuigawanya kwa ile ya mkono. Ikiwa chini ya 0.9 ateri zimebanwa, na soksi inaweza kuufanya mguu ule ufe. Kwa mwenye kisukari namba huweza kupanda juu kiuongo, kwani ukuta wa ateri umekuwa mgumu. Na mguu uliopoa ghafla, mweupe, unaouma lakini hauhisi ukiguswa, huo ni ateri iliyoziba. Una takriban saa 6 za kuuokoa.

Wengi hupasuliwa Mombasa na kurudi kwa basi, zaidi ya kilomita 300 hadi Mokowe, kwenye gati ya kuvukia Lamu, magoti yamekunjwa. Omba kiti cha kando ya njia. Basi likisimama Malindi, Garsen na Witu, shuka utembee hata kama huna haja ya choo.

Na ninyi mnaokaa Pate, Faza na Kizingitini, ng'ambo kwa boti: mgonjwa wa upasuaji akikatika pumzi ghafla, akikohoa damu au akizimia, mketishe wima ndani ya boti, asitembezwe hadi ufukweni, abebwe. Mtu mmoja abaki nchi kavu apige simu hospitali kabla injini haijawashwa, aseme alipasuliwa nini na siku gani, ili oksijeni na sindano zikute zimeshatayarishwa.